Sura ya Sita: Msitu wa Uani katika Musoma, Bunda na Butiama

Mkoa wa Mara, ulio upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, hupata mvua katika misimu miwili, yaani vuli inayoanguka kati ya Oktoba na Desemba na masika yanayofika Machi na kuishia Mei, na kati ya misimu hiyo hupita miezi ya ukavu ambayo ndiyo huamua mti gani utaishi na upi utakufa. Ukubwa wa ziwa, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, huwafanya wageni wengi wadhani kwamba ardhi iliyo kandokando yake imejaa rutuba na unyevu mwaka mzima, ilhali ukanda wa Musoma na sehemu za Bunda zinazopakana na maji hupata mvua pungufu kuliko nyanda za juu za Tarime, na mahali pengi udongo ni tabaka jembamba lililolala juu ya mwamba. Katika mazingira ya namna hiyo mti ulio karibu na nyumba hufanya kazi ambazo kwingineko hulipiwa fedha: hupoza chumba, huvunja upepo, hushika udongo, hutoa kuni na tunda, na humpa fundi baiskeli mahali pa kufanyia kazi bila kodi ya pango. Sura hii inazieleza kazi hizo moja baada ya nyingine, na inatetea hoja kwamba msitu wenye matumaini makubwa ya kudumu katika wilaya hizi ni ule uliogawanyika katika nyua za watu, kwa kuwa mti wa uani una mwenyewe anayeuona kila asubuhi.

Upungufu wa miti unaoonekana leo una historia yake. Pamba, iliyokuwa zao kuu la biashara la Kanda ya Ziwa katikati ya karne ya 20, ilihitaji mashamba meupe, na mifugo mingi ya wakulima-wafugaji wa Mara ilikula machipukizi ya vichaka vilivyokatwa kabla hayajapata nafasi ya kurudi kuwa miti. Operesheni Vijiji, iliyofikia kilele chake kati ya mwaka 1974 na 1976, ilizikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika na kuzipanga kandokando ya barabara. Kaya hizo ziliacha nyuma, kwenye mahame, mikuyu, mikwaju na miembe ya miaka mingi, zikaanza upya katika viwanja visivyo na kivuli, huku kuni za kijiji kizima zikitafutwa katika vichaka vilevile vya karibu. Baadaye uliongezeka ukataji wa miti kwa ajili ya matofali ya kuchoma na kwa ajili ya kukausha sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ambaye kwa sababu ya mafuta yake mengi hakubali kuanikwa juani kama dagaa na hulazimu kukaushwa kwa moto na moshi. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo iliyotokana na uvivu wa watu au chuki yao dhidi ya miti, jambo linalofaa kukumbukwa kila inapotolewa hotuba ya kuwalaumu wanavijiji.

Joto la bati na la mwamba

Nyumba nyingi za Musoma mjini, kama zilivyo za Bunda, huezekwa kwa bati na hujengwa kwa matofali ya saruji au ya kuchoma, na katika baadhi ya mitaa ya Musoma mawe makubwa huchomoza kati ya nyumba na nyumba. Bati hupata moto haraka na kuurusha chini kuelekea kwa watu waliomo ndani, na kama hakuna dari, mtu aliyeketi sebuleni saa nane mchana hupokea joto la paa moja kwa moja kichwani; mwamba nao huchukua muda mrefu kupata joto lakini huwa mgumu kulitoa, hivyo huendelea kulirudisha hewani hata baada ya jua kutua, na ndiyo maana viwanja vyenye mawe hubaki na fukuto wakati ambapo mashambani watu wameshaanza kujifunika.

Mti hupunguza hali hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kivuli, ambacho huzuia miali ya jua kabla haijagusa bati, ukuta au mwamba. Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani unakadiria kwamba sehemu zilizofunikwa na kivuli cha mti zinaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko joto la juu kabisa la sehemu zilizo wazi. Njia ya pili ni mvukizo wa majani, yaani utaratibu ambao mti hufyonza maji kwa mizizi, huyapandisha hadi kwenye majani na kuyaachia hewani yakiwa mvuke kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hayawezi kugeuka mvuke bila kuchukua joto kutoka kwenye hewa na majani yanayoyazunguka: lita moja huchukua nishati ya takriban megajuli 2.4, kiasi ambacho pasi ya umeme ya wati 1,000 ingekitumia kwa dakika 40, na mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kutoa makumi ya lita kwa siku. Inafaa kusema wazi kwamba faida hii ya pili hupungua sana wakati wa kiangazi, kwa sababu mti uliokosa maji hufunga vitundu vyake ili usife, na kuanzia Juni hadi Septemba mwenye nyumba wa Musoma hutegemea zaidi kivuli kuliko mvuke. Hivyo mti unaopukutisha majani yote katika miezi hiyo, hata ukiwa mzuri kiasi gani wakati wa maua, haufai kuwa mti wa kwanza wa uani.

Suala la upande wa kupanda mti linastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa vitabu na vipeperushi vingi huchukua ushauri wa nchi za mbali bila kuupima. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini jua hupita upande wa kusini wa anga kwa mwaka mzima, na ushauri wa kulinda ukuta wa kusini una maana. Lakini Musoma iko umbali wa digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua lake la mchana hupita karibu na utosi, likielemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba bila kushuka sana. Kuta za kaskazini na kusini za nyumba ya Musoma zinaweza kulindwa na upenu mpana peke yake, ilhali ukuta wa mashariki hupigwa na jua la asubuhi na ule wa magharibi hupigwa na jua la alasiri, ambalo huja pembeni, chini ya upenu, wakati nyumba nzima tayari imeshapata moto. Kwa hiyo mwenye nafasi ya mti mmoja tu ana sababu nzuri ya kuupanda upande wa magharibi, ambapo matawi yake yatakinga ukuta na sehemu ya paa kuanzia saa tisa hadi magharibi. Mwarobaini, ambao huvumilia ukame na udongo mwembamba na huwa na majani karibu mwaka wote, umefanya kazi hiyo katika nyumba nyingi za ukanda wa ziwa, na mjohoro nao hukua haraka ukatoa kivuli ndani ya miaka michache.

Upepo wa ziwa

Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa baridi kutoka ziwani huja kujaza nafasi hiyo. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa Musoma wamezijua ratiba za pepo hizi tangu zamani, lakini wajenzi wa nyumba wameanza kuzizingatia hivi karibuni tu, na wakati mwingine baada ya hasara. Upepo wa ziwa unapokutana na pepo zitokazo mashariki huzaa mawingu ya dhoruba ambayo mara nyingi hupasuka alasiri au jioni, na dhoruba hizo huondoka na mapaa ya nyumba na ya madarasa, hasa pale ambapo jengo limesimama peke yake kwenye uwanja ulio wazi. Upepo unaopita juu ya paa kwa kasi hulivuta kuelekea juu, na kenchi zisizofungwa sawasawa hung'oka.

Kizuia upepo, yaani safu ya miti iliyopandwa kukatisha njia ya upepo, hupunguza kasi hiyo kwa umbali unaofikia takriban mara kumi ya urefu wa miti yenyewe, ikimaanisha kwamba safu yenye urefu wa meta 6 inaweza kuilinda nyumba iliyo ndani ya meta 60. Safu inayofaa ni ile inayoruhusu karibu nusu ya upepo kupenya, kwa sababu ukuta usiopitisha kitu huufanya upepo uruke juu na kuanguka upande wa pili ukiwa unazunguka kwa fujo, na madhara yake yanaweza kuwa makubwa kuliko kama ukuta usingekuwapo. Uzio wa minyaa unaokatwa mara kwa mara, ukifuatiwa na safu ya migrevilea nyuma yake, hukidhi sharti hilo kwa gharama ndogo. Hata hivyo si kila upepo wa kuzuiwa: kwenye mialo, ambako dagaa huanikwa na kukaushwa kwa jua na upepo, safu ya miti iliyopandwa bila kuwauliza wanawake wanaoanika inaweza kuwaharibia kazi, na mwalo ni mahali ambapo mti mmoja wa kupumzikia unatosha.

Udongo unaoteremka

Mvua za Mara huja kwa nguvu na kwa muda mfupi. Maji yanayoteremka kutoka kwenye vilima vya Balili kuelekea Bunda mjini, au kutoka kwenye miteremko ya Butiama kuelekea mabonde yake, huchota udongo wa juu ambao ndio wenye mbolea, na udongo huo huishia kwenye mito na mwisho ziwani. Pamoja na udongo husafiri fosforasi, kirutubisho kinachostawisha mwani na magugu maji, mmea ambao ulianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo na ghuba. Majani ya mti huvunja nguvu ya tone la mvua kabla halijapiga ardhi, takataka za majani zilizo chini yake hufanya kazi ya sifongo, na mizizi hufungua njia za maji kuzama badala ya kutiririka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa, na ukanda huo, ambao katika mitaa ya ufukweni huonekana kama kiwanja kilichopotea, ungeweza kuwa mkanda wa miti ya asili kama mikuyu, ambayo mizizi yake imezoea kukaa karibu na maji.

Jiko, sahani na mfuko

Kaya zaidi ya nne kati ya tano nchini Tanzania zimekuwa zikipikia kuni au mkaa, na ingawa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ifikapo 2034, jiko la mafiga matatu halitaondoka Butiama kwa siku moja. Mti wa uani hauwezi kulisha jiko peke yake, lakini mlusina uliopandwa mpakani na kupogolewa kila mwaka, yaani kupunguzwa matawi kwa utaratibu bila kuuua, hutoa fito na kuni ambazo humpunguzia mama wa nyumba safari za kwenda mbali. Mlusina, pamoja na miti mingine ya jamii ya kunde, una faida nyingine ambayo haionekani kwa macho: katika mizizi yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, hivyo udongo unaoizunguka hupata mbolea bila mfuko wa dukani. Majani yake hulishwa mbuzi, ingawa kwa kiasi, na mbegu zake husambaa kwa urahisi kiasi kwamba mwenye shamba asiyepogoa kabla ya mbegu kukomaa atajikuta na kichaka asichokiomba.

Mfumo huu wa kuchanganya miti, mazao na mifugo katika ardhi moja huitwa kilimo mseto, na Mara ina historia ndefu nao kuliko mikoa mingi. Shirika la Vi Agroforestry, lililoanzishwa mwaka 1983 kwa michango ya wasomaji wa jarida la Vi la Uswidi na kuanza kazi Pokot Magharibi nchini Kenya, lilifungua mradi wake wa Musoma mwaka 1994. Katika miaka yake ya mwanzo shirika hilo lilijulikana zaidi kwa kuotesha na kugawa miche, lakini kadiri muda ulivyopita lilielekeza nguvu kwenye kuwafundisha wakulima kuanzisha vitalu vyao, kuchagua miti inayolingana na mahitaji yao na kujiunga katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mabadiliko hayo yana somo kubwa kuliko hesabu yoyote ya miche: mkulima aliyeotesha mche wake mwenyewe ameshauwekea jasho kabla haujatoka kitaluni, na mche uliotolewa bure kutoka kwenye lori mara nyingi hufa bure.

Miti ya matunda ndiyo inayolipa mapema. Mpapai huweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja na mwembe wa kubebeshwa, yaani ule ambao kikonyo cha aina bora kimeunganishwa na shina la mche wa kienyeji, huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, ilhali mwembe wa mbegu humchelewesha mwenyewe kwa miaka sita au zaidi. Papai na embe lililoiva vina karotini nyingi, kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A inayohitajiwa na macho na kinga ya mtoto, na katika kaya ambazo mlo wa kila siku ni ugali wa muhogo na dagaa, tunda la uani huongeza kitu ambacho muhogo hauna. Mti uliopandwa huhesabika pia katika thamani ya ardhi, kwani chini ya sheria za ardhi za mwaka 1999 uendelezaji wa kiwanja, ikiwemo mimea ya kudumu, huingizwa katika hesabu ya fidia serikali inapolitwaa eneo. Wazee wa Mara, ambao huonyesha mikonge na minyaa ya mpakani wanapotoa ushahidi kwenye baraza la ardhi, hawakuhitaji kusoma sheria hizo ili kulijua jambo hilo.

Mti usiofaa mahali pake

Utetezi wa miti unaonyamazia madhara yake haumsaidii msomaji. Katika tambarare za Bunda zinazoelekea Ghuba ya Speke kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mti mkubwa uliopandwa karibu na msingi hunyonya unyevu wa udongo huo, udongo husinyaa upande mmoja, na ukuta hupasuka kwa mshazari kuanzia kona ya dirisha. Lawama huenda kwa fundi mwashi, ingawa kosa liko kwa aliyepanda mti meta mbili kutoka ukutani. Kanuni ya tahadhari kwa udongo kama huo ni kuuweka mti mbali na msingi kwa umbali usiopungua urefu unaotarajiwa kufikiwa na mti wenyewe, na karibu na nyumba kubaki na mipapai, mipera na mimea mingine midogo. Kwenye udongo wa kichanga au wenye mawe wa Musoma umbali huo unaweza kupunguzwa.

Mkaratusi hukua haraka na hutoa nguzo nzuri, lakini hunywa maji mengi, na kuupanda kando ya chemchemi au kisima ni kujitafutia ukame kwa mkono wa mtu mwenyewe. Imani kwamba miti huleta mbu ina ukweli mdogo: mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, kama vile makopo, madimbwi na mitaro iliyoziba, ingawa vichaka vizito humpa mahali pa kupumzikia mchana, na ndivyo ilivyo kwa nyoka, ambaye hufuata majani marefu na panya zaidi ya shina lililo safi. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuna tatizo ambalo vitabu vya upandaji miti mijini havilijui kabisa. Tembo hutoka hifadhini na kuingia mashambani, na mwembe uliojaa maembe karibu na dirisha la chumba cha kulala ni mwaliko wa hatari. Kaya hizo zinafaa kuanza na miti ya mbao na ya kivuli, na matunda yapandwe mahali ambapo mnyama akija hatalazimika kupita kwenye malazi ya watoto.

Kivuli cha wote

Mtaa una mahitaji ambayo ua mmoja hauyatoshelezi. Katika mwaka wa 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 46 wa upasuaji wa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, waliolazwa kati ya mwaka 1972 na 1981; nusu yao walikuwa katika vyumba vyenye dirisha lililotazama miti na nusu wengine walitazama ukuta wa matofali, na walioiona miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, na haifai kuyafanya matokeo hayo kuwa sheria ya dunia, lakini yanatosha kuitaka hospitali yoyote ya mkoa, ikiwemo ile ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma, iuone uwanja wake kuwa sehemu ya tiba.

Kwa watu walio wazima kivuli cha mtaani ni ofisi. Chini ya mjohoro mmoja uliopo kwenye njiapanda huweza kukutwa kijiwe cha bodaboda, mama lishe na masufuria yake, fundi cherehani, na benchi ambalo mchana hukaliwa na wazee wanaocheza bao; vikao vya mtaa hufanyika papo hapo, kwa kuwa ofisi ya serikali ya mtaa haina chumba cha kuwatosha wote. Mti huo ukikatwa ili kupisha kibanda, watu hao wote huhamia juani au kwenye pango la kulipia, na hakuna hesabu ya mapato ya halmashauri inayoonyesha hasara hiyo.

Butiama inaonyesha namna ya zamani zaidi ya kuutunza mti wa wote. Jirani na Mwitongo, mahali palipokuwa makazi ya ukoo wa Mtemi Nyerere Burito na ambapo Mwalimu Julius Nyerere alizikwa Oktoba 1999, upo msitu mdogo wa Muhunda, ambao Wazanaki wameuheshimu kama makao ya mzimu wa mahali hapo, na heshima hiyo imeulinda dhidi ya shoka bila mgambo wala faini. Haiwezekani kuanzisha mzimu kwa azimio la kikao, na si kila mtaa una Muhunda wake. Kinachoweza kuigwa ni kwamba miti ile ilikuwa na mipaka inayojulikana, wasimamizi wanaojulikana, na katazo ambalo kila mtoto alilijua kabla hajaweza kushika panga.

Mkoa wa Shinyanga ulifikia matokeo yanayofanana kwa njia ya kiserikali. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukuja na misitu mipya, bali ulifufua ngitili, maeneo ambayo Wasukuma waliyazoea tangu zamani kwa kuyafunga wakati wa mvua ili nyasi na miti vipate kukua na mifugo iyatumie wakati wa kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mwanzoni mwa mradi zilikuwa na hekta zipatazo 600 tu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya ngitili hizo ilikuwa mikononi mwa kaya na vijiji, na miti mingi haikupandwa kabisa: ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki baada ya kuachiwa nafasi.

Kutoka masika hadi kiangazi

Tanzania huadhimisha Siku ya Taifa ya Kupanda Miti tarehe 1 Aprili, na kila halmashauri imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Tarehe hiyo inaifaa Mara kwa kuwa huangukia katikati ya masika, ila hatari yake ni kwamba mche uliopandwa mwishoni mwa Aprili hubakiwa na wiki chache tu za mvua kabla ya kukutana na kiangazi ukiwa na mizizi mifupi, na kwa hiyo anayeweza kupanda mara mvua zinapotulia mwezi Machi ameupa mche wake mwezi mzima wa ziada.

Kazi yenyewe si ngumu ikifanywa kwa mpangilio. Shimo la upana wa sentimeta 60 na kina hichohicho huchimbwa wiki mbili kabla, udongo wa juu ukitengwa na ule wa chini. Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza na kurudishwa kwanza. Kiriba, yaani kifuko cha plastiki ambamo mche ulioteshwa, huchanwa na kuondolewa chote, kwani mizizi iliyoachwa ndani yake hujizungusha na kuusonga mti miaka kadhaa baadaye, na hilo ndilo kosa linalorudiwa zaidi siku za maadhimisho, pale viongozi wanapopanda kwa haraka mbele ya kamera. Mche hufukiwa ukiwa kwenye kisahani cha udongo kinachokusanya maji, kisha huwekewa matandazo ya nyasi kavu yasiyogusa shina. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kwenye kizibo na kusimikwa kichwa chini karibu na mizizi humwagilia polepole, na maji yaliyooshea vyombo yanatosha kuijaza. Mbuzi ndiye adui wa kwanza, na dhidi yake kaya za kando ya ziwa zina silaha ambayo wenzao wa bara hawana: nyavu chakavu za uvuvi, ambazo zikizungushwa kwenye vijiti vinne huulinda mche hadi utakapopita kimo cha mnyama. Butiama na Bunda ya ndani hutumia matawi ya mgunga yenye miiba, kwa matokeo yaleyale.

Taarifa nyingi za upandaji miti huhesabu miche iliyoingia ardhini, na hesabu hiyo hupendeza kwa sababu haishuki. Serikali za mitaa za Musoma, Bunda na Butiama zingefanya vyema kuiacha, na badala yake kuwapa wenyeviti wa mitaa na vitongoji kazi ya kuzunguka nyua na maeneo ya wazi kila Septemba, kabla vuli haijaanza, wakihesabu miti iliyo hai tu, na kuipeleka idadi hiyo mbele ya mkutano mkuu wa mtaa au kijiji pamoja na jina la kila mti uliokufa na sababu iliyouua.